Kufundisha Kijapani kwa Kiswahili: namna ya kupanga na kuendesha kozi ya wanaoanza, Mtwara na Lindi

Vitabu vingi vya Kijapani vinavyotufikia vimeandikwa kwa ajili ya msomaji wa Kiingereza. Hupoteza kurasa kueleza kore, sore na are, wakati mtoto wa Masasi amekua na hii, hiyo na ile. Halafu hupita mbio pale pale ambapo Mswahili atajikwaa. Mwalimu anayefuata kitabu hicho ukurasa kwa ukurasa anawachosha wanafunzi wake kwa yale wanayoyajua na kuwaacha peke yao kwenye yale magumu. Mwongozo huu unashika njia nyingine: Kijapani kinafundishwa moja kwa moja kwa Kiswahili, na kozi nzima inapangwa kwa kuangalia Kiswahili kinasaidia wapi na kinaponza wapi.

Unamfaa mwalimu aliyefika N3 au zaidi kwenye JLPT, mtihani wa kimataifa wa Kijapani wenye viwango kuanzia N5 ya chini hadi N1 ya juu, mwenye darasa la watu 12 hadi 20. Wakizidi 20, gawa zamu mbili. Darasa la lugha lenye watu 40 linageuka kuwa mhadhara, na mhadhara haumfundishi mtu kuzungumza.

Hatua ya 1: Andika atakachoweza kufanya mwanafunzi, kabla ya kugusa kitabu

Chukua karatasi moja uandike sentensi kumi zinazoanza na "Naweza". Kijana anayetaka kuongoza wageni Kilwa Kisiwani ataandikiwa "Naweza kumwambia mgeni boti inaondoka saa ngapi na nauli ni kiasi gani." Anayetafuta kazi Japani ataandikiwa "Naweza kuelewa maagizo mafupi ya msimamizi na kuuliza pale nisipoelewa." Japan Foundation, taasisi ya Japani inayoeneza lugha na utamaduni wake, ilitoa mwaka 2010 utaratibu wake wa kupanga masomo kwa mtindo huu wa "naweza", na imeweka bure mtandaoni mfululizo wa masomo uitwao Irodori pamoja na sauti zake. Pakua vyote siku moja ukiwa na bando la kutosha, uvihifadhi kwenye simu na kwenye flashi.

Jambo moja lisemwe wazi siku ya kuandikisha. N5, kiwango cha chini kabisa cha mtihani wa JLPT, hakimpi mtu kazi Japani. Viza ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, tokutei ginō, iliyoanza mwaka 2019, inadai N4 au JFT-Basic, mtihani mwingine wa Kijapani, na juu yake mtihani wa ujuzi wa kazi yenyewe. Ukikaa kimya kuhusu hili, wapo madalali watakaolisemea kwa namna yao, na lawama zitarudi kwako.

Hatua ya 2: Panga kalenda kwa kufuata korosho

Kufikia N5 kwa kawaida huhesabiwa kama saa 150 za darasani. Vipindi vitatu kwa wiki, kila kimoja dakika 100, ni saa tano. Wiki 30 zinatimiza 150. Swali ni wiki 30 zipi.

Kuanzia Oktoba darasa linapungua. Wengine wanaokota korosho shambani kwao, wengine wako ghalani, wengine wanasubiri malipo. Ukiweka masomo mapya Oktoba na Novemba utayarudia yote Januari. Anza wiki ya kwanza ya Februari na umalize mwishoni mwa Septemba: hapo kalenda inakupa wiki 34, na nne za akiba zitaliwa na sikukuu na misiba. Mwezi wa Ramadhani usiufute. Sogeza kipindi kiwe asubuhi na ukikate kiwe dakika 70. Oktoba na Novemba fungua darasa Jumamosi tu, kwa marudio.

Februari hadi Aprili ni mvua. Chini ya bati tupu hakuna somo la kusikiliza mvua ikishuka, hata uwe na spika gani. Kila wiki ya miezi hiyo weka mkononi kipindi kimoja cha kuandika, cha kubadilishana na kile cha kusikiliza.

Hatua ya 3: Masikio kwanza, wiki mbili

Hapa ndipo Mswahili anapojidanganya. Irabu ni zile zile tano, silabi nyingi zinaishia na irabu, na mwanafunzi anasoma "sakana" au "tamago" vizuri kabisa siku ya kwanza. Anadhani amemaliza matamshi. Hajaanza.

Kijapani hakihesabu silabi, kinahesabu mapigo, na kila pigo lina urefu sawa. Irabu ndefu ni mapigo mawili. Konsonanti iliyokazwa, ile inayoandikwa kwa っ ndogo, ni pigo zima la kimya. N inayofunga silabi nayo ni pigo lake, kama m ya "mtu" au n ya "nchi". Kwa hiyo Lindi, ambayo kwetu ni li-ndi, Kijapani inakuwa ri-n-di, mapigo matatu. Tanzania ni matano: ta-n-za-ni-a.

Neno zuri la kufundishia yote kwa pamoja liko mikononi mwetu. Korosho ni kashūnattsu, カシューナッツ. Gonga meza: ka, shu, u, na, (kimya), tsu. Sita. Darasa likigonga matano, wamemeza ule ukimya. Wakigonga manne, wameufupisha na ule mvuto. Rudieni mpaka mikono yote ishuke pamoja.

Kosa kubwa linatokana na mkazo wetu. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na ukikaza unairefusha. Anayezungumza Kimakonde nyumbani huirefusha zaidi. Sasa chukua obasan, yaani shangazi au mama wa makamo. Mwanafunzi wetu atasema "o-BAA-san", na Mjapani atasikia obāsan, bibi kizee. Adabu imeharibika bila mtu kukusudia. Dawa yake si kumwambia "usikaze", maana hajui kwamba anakaza. Mwonyeshe kwamba urefu hubadili maana hata kwetu: kata na kataa, kufa na kufaa. Kisha mpe jozi hizi kila siku, dakika tano, kwa wiki mbili:

obasan / obāsan (shangazi / bibi)
koko / kōkō (hapa / shule ya sekondari)
kite / kitte (njoo / stempu)

Mwalimu anasema moja, wanafunzi wanainua kidole kimoja au viwili. Mpaka wapate 9 kati ya 10 usiingie kwenye jozi nyingine.

Sauti nyingine ni chache. Tsu wengi hulitamka "chu" au "su". Waanze na neno wanalolijua, Mitsubishi, walitamke polepole. Fu haigusi meno: midomo inakaribiana kama unapuliza chai ya moto. Desu na masu zinaishia kwa u iliyonong'onwa, karibu "des" na "mas". Mswahili huitamka u yote na kuonekana anaimba. Na kuhusu r: aliyezoea kuchanganya r na l hana tatizo hapa, kwa sababu Kijapani kina sauti moja tu, ulimi unagusa ufizi mara moja na kuachia. Mwache.

Hatua ya 4: Hiragana wiki tatu, katakana wiki tatu, romaji ife mapema

Hiragana, mwandiko wa maneno ya Kijapani chenyewe, ni herufi 46 za msingi, safu kumi. Anza nayo wiki ya kwanza, sambamba na yale mazoezi ya masikio. Vipindi tisa vinatosha: safu moja kwa kipindi, mbili za mwisho pamoja. Wiki inayofuata ongeza vidoti (ka kuwa ga, ha kuwa ba na pa) na michanganyiko kama kya, sho na chu. Kisha katakana, mwandiko wa maneno ya kigeni, 46 nyingine, kwa mwendo ule ule.

Romaji, yaani Kijapani kilichoandikwa kwa herufi zetu, inavutia mno kwetu kwa sababu inasomeka kama Kiswahili. Ndiyo sababu ya kuiondoa. Mwanafunzi anayeandika "obasan" kwa herufi zetu ataendelea kuisoma kwa mkazo wetu. Kuanzia wiki ya tano usiandike romaji ubaoni, hata neno moja.

Fundisha kuandika kwa mpangilio wa mistari: juu kwenda chini, kushoto kwenda kulia. Daftari la hesabu lenye miraba linafaa kuliko la mistari. Herufi moja kwenye miraba minne. Zinazochanganywa zinajulikana: ぬ na め, る na ろ, さ na き, na kundi la ね, れ, わ. Kwenye katakana vita ni シ (shi) na ツ (tsu), ソ (so) na ン (n). Usiwaambie waangalie umbo. Waambie waangalie mkono ulikotoka. Kwenye ツ na ソ vistari vifupi vinaning'inia juu kwa usawa, na mstari mrefu unashuka. Kwenye シ na ン vistari vifupi vimejipanga upande wa kushoto, na mstari mrefu unapanda kutoka chini.

Wiki ya nane toa imla ya maneno 30. Anayepata chini ya 24 asiendelee na sarufi mpya. Apewe wiki moja ya kadi. Huruma hapa inamgharimu yeye mwenyewe, kwa sababu kila kinachofuata kinasomwa kwa kana, yaani hiragana na katakana.

Hatua ya 5: Sarufi, kwa mpangilio wa Mswahili

Anza na yale ya bure. Kore, sore, are ni hii, hiyo, ile. Koko, soko, asoko ni hapa, hapo, pale. Kipindi kimoja, basi. Kujibu swali la kukanusha nako ni kama kwetu: "Hujala?" "Ndiyo, sijala." Kijapani pia husema hai. Salamu zina ndugu zake: otsukaresama ni pole na kazi, gomen kudasai mlangoni ni hodi, na itadakimasu husemwa kabla ya tonge la kwanza, pale ambapo wengi wetu husema bismillahi. Na mtu aliyefundishwa lini atoe shikamoo haoni ajabu kwamba ohayō ya rafiki na ohayō gozaimasu ya mkubwa ni vitu viwili.

Kijineno wa (kinaandikwa は) huwatesa wasomaji wa Kiingereza. Sisi tunaanzisha mada kila siku: "Korosho, bei yake imepanda." "Lindi, samaki wake watamu." Ya pili ni Lindi wa sakana ga oishii desu, neno kwa neno karibu sawa. Toa sentensi kumi za namna hii kabla ya kueleza chochote kuhusu wa na ga.

Sasa mitego, na mkubwa ni ni. Kiswahili kina "ni" ya "Mimi ni mwalimu" na kina "-ni" ya "sokoni". Kijapani kina ni pia, na mwanafunzi anaziunganisha zote tatu. Makosa yanayotoka ni haya:

Watashi ni sensei desu, akikusudia "mimi ni mwalimu". Sahihi: watashi wa sensei desu. "Ni" yetu iko ndani ya desu, mwishoni.

Ichiba ni sakana o kaimasu, akikusudia "nanunua samaki sokoni". Sahihi: ichiba de. Kitu kikiwapo mahali, tumia ni. Kazi ikifanyika mahali, tumia de. Kiswahili hakitenganishi, "nipo sokoni" na "nanunua sokoni" vina -ni ile ile, kwa hiyo sikio halitamwonya kamwe. Chora mistari miwili ubaoni, kaa/kuwapo upande mmoja, fanya upande mwingine, na kila kitenzi kipya kiwekwe upande wake tangu siku kinapofundishwa.

Mtego wa pili ni "wa" yetu ya umilikaji. "Mtoto wa Asha" inatoka kodomo wa Asha. Kijapani ni Asha no kodomo: kijineno ni no, na mpangilio umegeuzwa. Wazoeze kusoma kutoka nyuma: mtoto, wa, Asha. Sifa nazo hutangulia, "samaki mkubwa" ni ōkii sakana.

Wa tatu ni imasu na arimasu. Ukisema imasu ni ya vitu vyenye uhai, darasa litasema "ngeli ya A-WA!" na watakuwa karibu sawa. Karibu. Kwetu pweza habadiliki ngeli hata akiwa kwenye kikaango: "pweza ameiva". Kijapani, pweza wa baharini ni tako ga imasu, wa kwenye sinia ni tako ga arimasu. Mwanafunzi akisema imasu kuhusu kitoweo, mgeni ataangalia sahani kwa wasiwasi.

Maneno ya kuhesabia (hitori, futari kwa watu, -mai kwa vitu bapa, -hon kwa virefu, -hiki kwa wanyama wadogo) yanapokelewa vizuri ukiyaita ngeli za kuhesabia. Fundisha matano tu kwenye kozi hii.

Kitenzi huja mwisho, na ukanushi huja mwisho wa kitenzi. Kiswahili kinakutahadharisha mwanzoni kabisa, si-, hu-, ha-. Kwa hiyo mwanafunzi hujibu kabla ya kusikia -masu (ya kukubali) au -masen (ya kukanusha). Zoezi: soma sentensi, simama kabla ya silabi mbili za mwisho, uliza "mnajua?" Jibu sahihi ni hapana. Ukikaribia mwisho wa kozi, waonyeshe walioelekea N4 kwamba "l-ish-w-a" na tabe-sase-rare-ru zimejengwa kwa tofali zile zile, mzizi, kisha -ish-, kisha -w-. Hapo wataacha kuogopa vitenzi virefu.

Hatua ya 6: Saa na fedha, vipindi vinne kamili

Saa moja asubuhi si ichi-ji. Ni shichi-ji, saba. Mwanafunzi anayetafsiri moja kwa moja atamwambia mgeni boti inaondoka saa nane usiku badala ya saa mbili asubuhi. Leta saa ya ukutani, isomwe kwa namba iliyoandikwa, na Kiswahili kisitumike kabisa kwenye somo hilo. Vighairi ni yo-ji (4), shichi-ji (7) na ku-ji (9).

Kwenye fedha, elfu kumi haiwi jū-sen. Kijapani kina neno lake, man. Noti yetu kubwa ya 10,000 ni ichi-man, na hiyo inarahisisha: hesabu noti. Laki moja ni noti kumi, jū-man. Milioni ni noti mia, hyaku-man. 25,000 ni ni-man go-sen. Chezeni soko: kilo ya ufuta, fungu la samaki, nauli ya bajaji. Vighairi vya kukariri ni sanbyaku (300), roppyaku (600), happyaku (800), sanzen (3,000) na hassen (8,000).

Hatua ya 7: Kipindi cha dakika 100

Dakika 10 kuita majina na kuulizana tarehe na hali ya hewa kwa Kijapani. Dakika 15 imla ya somo lililopita. Dakika 25 jambo jipya, moja tu. Dakika 30 wawili wawili. Dakika 15 kusikiliza. Dakika 5 kazi ya nyumbani.

Kinachovunjika kwanza ni zile 25. Mwalimu anapenda kueleza, maelezo yanafika 50, na mazoezi ya wawili wawili yanakufa. Weka simu ikulilie.

Kanji, herufi zenye asili ya Kichina, zianze wiki ya 15. N5 inahitaji takribani 100. Saba kwa wiki zinatosha, zikiwa ndani ya maneno, si peke yake. Msamiati ni kama maneno 800, na mia ya kwanza yatoke mtaani: sakana, ebi, umi, fune, shio, ichiba, goma. Hilo la mwisho ni ufuta, ambao Japani hununua Tanzania.

Vifaa

Karatasi ya manila ya sm 60 kwa 90 inatoa kadi 63 za sm 8 kwa 10: seti moja ya hiragana na 17 za kuharibu. Kwa watu 20 tengeneza seti tano. Spika ndogo ya kuchaji, ichajiwe jana yake. Kwenye simu za wanafunzi weka kibodi ya Kijapani na programu ya kadi isiyohitaji intaneti. Sauti za bure zipo hata barabarani: magari mengi yaliyoagizwa kutoka Japani, ukiwasha tu, yanasema kaado ga sōnyū sarete imasen, kadi haijaingizwa. Darasa likiweza kuigawa sentensi hiyo ga, kitenzi na ukanushi wake, limefika mbali.

Mtihani

JLPT hufanyika Julai na Desemba, lakini si kila nchi ina awamu zote mbili. Angalia kwenye tovuti ya JLPT miji ya mwaka husika na tarehe ya kujiandikisha, ambayo hutangulia mtihani kwa miezi, kisha ndipo ukusanye nauli. N5 ina dakika 20 za msamiati, 40 za sarufi na kusoma, 30 za kusikiliza. Kufaulu ni alama 80 kati ya 180, lakini kwa sharti: angalau 38 kati ya 120 kwenye msamiati, sarufi na kusoma, na 19 kati ya 60 kwenye kusikiliza. Mwenye jumla ya 110 akiwa na 15 za kusikiliza amefeli.

Mtihani huo hauna kuzungumza wala kuandika insha. Kwa hiyo fanya wa kwako wiki ya 30: kila mmoja dakika tano mbele yako, na ile karatasi ya "Naweza" ya Hatua ya 1 mezani, ukitia tiki. Zile zisizopata tiki ndizo ratiba ya Jumamosi za Oktoba na Novemba.